Ukiibiwa Usiku, Utaita Nani?

Ndugu msomaji, tunakuuliza jambo moja, nawe ujijibu moyoni. Saa nane ya usiku, watu wenye bunduki wanavunja mlango wa jirani yako. Unasikia mama analia, unasikia watoto. Simu iko mkononi mwako, hata uniti zimo. Utaita nani?

Katika kartiye nyingi za Bunia wengi watajibu: "Mungu tu." Wengine watasema watapiga filimbi ama sufuria ili avenyu nzima iamke. Wachache watasema polisi. Ukiwauliza juu ya nini, jibu ni lile ambalo sote tumelisikia, pengine tumelisema sisi wenyewe: "Batakuja asubui, na mafuta ya moto ni mimi nitalipa."

Jambo hili linazigusa sana jamaa za wachimbaji. Dhahabu ya Mongbwalu, ya Kilo na ya Mambasa, nyingi inapita Bunia kabla ya kwenda mbali, na feza zake zinapita hapo pia. Baba amekaa miezi mingi kwenye shimo, anashuka mjini na bahasha moja. Ndani yake mna masomo ya watoto, mna mabati ya nyumba, mna deni la duka. Usiku mmoja unatosha kuimaliza. Wakambisti wanaobadilisha feza barabarani wanajua tunachosema, na wajane wa wakambisti wanajua zaidi.

MAVAZI NI MENGI

Mgeni akifika Bunia anaona mavazi ya kila namna. Kuna jeshi letu la FARDC, kuna bluu ya polisi, kuna kofia za MONUSCO. Mwezi wa Februari 2025 Uganda nayo ilitangaza kwamba jeshi lake limeingia katika mji. Ongeza ANR, ongeza DGM, ongeza wale wa rulaji kwenye makutano ya barabara. Kwa mtoto wa shule wote ni "basoda". Kwa sheria sivyo.

Katiba ya inchi yetu, ile ya tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 182 kwamba usalama wa watu na wa mali yao ni kazi ya Polisi ya Taifa, yaani PNC. Kifungu cha 183 kinasema polisi haina chama, ni ya kutumikia taifa, wala mtu yeyote hana ruhusa ya kuigeuza iwe ya faida yake. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 juu ya polisi iliongeza kwamba hii ni kazi ya kiraia, ambayo kila mtu anaweza kuifikia, na ambayo inasikiliza wananchi. Basi mwizi wa radio, ugomvi wa mpaka wa parcelle, mtoto aliyepotea sokoni, mama aliyepigwa na bwana wake, hayo yote ni ya vazi la bluu.

Mtu mzima wa Bunia akisoma maneno hayo anaweza kucheka, na hatumlaumu. Wazee wanakumbuka gendarmerie ya wakati wa Mobutu, na garde civile iliyoundwa mwaka 1984. PNC ilizaliwa mwaka 1997. Miaka miwili tu baadaye vita ya Ituri ilianza, na polisi ikabaki jina. Mwezi wa Agosti 2002 UPC ya Thomas Lubanga iliuteka mji. Mwezi wa Mei 2003, askari wa Uganda walipoondoka, wanamgambo walipigana kartiye kwa kartiye, na raia wakauawa kwa mamia. Waliokuja kuuzima moto ule walitoka Ulaya: jeshi la Artemis, chini ya Wafaransa, lililofika mwezi wa Juni 2003 na kukataza bunduki kuonekana mjini, mpaka mwanzo wa Septemba MONUC ilipoishika kazi hiyo. Halafu, katika miaka ya 2004 na 2005, wapiganaji zaidi ya 15,000 wa Ituri waliweka silaha chini.

Je, bunduki zote zilirudishwa? Kila mama wa Simbilyabo ama wa Mudzipela anajua jibu. Mwizi wa muji mwingine anakuja na panga. Wa Bunia anaweza kukuja na AK. Na mtu asidhani hayo ni ya zamani. Tarehe 4 Septemba 2020 wapiganaji wa CODECO waliingia mjini na silaha zao, wakafika kwenye gereza kuu wakitaka wenzao waachiliwe, na watu walikuwa wanawaangalia tu wakipita. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya état de siège: gavana akawa jenerali wa jeshi, na naibu wake ofisa wa polisi.

Katika mambo makubwa namna hiyo, askari polisi wa siati ndogo ya kartiye anasahauliwa. Yeye ndiye tunataka kumzungumzia.

POLISI NA MAFUTA YAKE

Ingia siati yoyote, utaona mwenyewe. Meza moja, benchi moja, kasho nyuma. Karatasi ya kuandikia PV, mara nyingi mwenye plente ndiye anaambiwa alete. Simu ni ya askari mwenyewe, uniti ni zake. Moto kama ipo, mafuta hayapo. Tangu miaka ya 2011 na 2012 mishahara ya watumishi wa Leta ilianza kupitishwa katika benki, na hiyo ilisaidia kweli, kwa sababu zamani feza ilipita katika mikono mingi na kila mkono ulichukua kidogo. Lakini mshahara wenyewe ni mdogo, nyumba ni ya kupanga, na watoto wa askari wanafukuzwa shuleni kama wa kwetu. Sote tumelelewa na ile Article 15 ambayo haimo katika katiba yoyote: ujitafutie.

Kuna jambo lingine ambalo Kongo nzima inalijua kwa jina lake: opération retour. Askari wa chini anatoka asubui, na jioni anangojewa na kitu mkononi kwa ajili ya mkubwa. Asipoleta, kesho atapelekwa pahali pasipo na watu. Hatusemi kila mkubwa anafanya hivyo. Kuna maofisa wenye haya na wenye bidii, na wako wanaolipa mafuta ya doria kwa mfuko wao wenyewe. Lakini desturi ipo, na ina matokeo ambayo raia hayaoni kwa haraka.

Fikiri kidogo. Askari anayeishi kwa amande ataenda wapi? Ataenda kule amande iko. Mchana atakuwa boulevard, kwenye rond-point, kwa sababu wamotari wanapita hapo na makosa hayakosekani: huyu hana kofia, huyu hana plaki, huyu amebeba watu watatu. Usiku, katika kichochoro cha Hoho ama cha Sukisa, hakuna amande. Kuna giza, kuna matope, na kuna mtu mwenye AK. Kwa mshahara ule, ni nani atakwenda? Ndiyo maana unaweza kuwa na askari wengi mjini na bado ukalala bila ulinzi. Ukihesabu vichwa utadhani wanatosha. Hesabu saa wanazokuwa mahali pa hatari, ndipo utaona upungufu.

Mambo ni hayohayo barabarani. Anayepanda Mongbwalu anajua barière. Tunayo hata center inayoitwa Iga-Barrière! Na huko kwenye machimbo kuna tawi la polisi lenye kazi ya kulinda migodi. Tukumbushe kwamba Kodi ya Madini, katika kifungu cha 27, inawakataza wanajeshi, polisi na watumishi wa Leta kuwa wenye haki za kuchimba. Askari aliyewekwa kulinda shimo halafu akawa na kamba yake ya wachimbaji shimoni mle, huyo hawezi tena kukata neno wachimbaji wakigombana.

KITU AMBACHO ASKARI HANA

Basi raia afanye nini? Anunue mafuta? Kartiye nyingine zimejaribu: kila nyumba inatoa kitu kidogo kila mwezi. Tunaona hatari yake. Avenyu ya watu wenye maduka italindwa, na ya wenye kupanga italala bila mtu. Polisi ikinunuliwa na anayelipa, maskini atakuwa mwindwa.

Kuna kitu kingine ambacho askari hana hata akipewa jipu mpya: habari. Yeye anatoka Kisangani ama Kananga. Hajui kwamba ile nyumba ya mwisho imepangishwa na vijana wanaolala mchana na kutoka usiku. Wewe unajua. Mama anayeuza mandazi anajua zaidi yako.

Juu ya wazo hilo ndipo ile kazi inayoitwa police de proximité ilijengwa, yaani polisi ya karibu. Ilianza kujaribiwa Bukavu, Kananga na Matadi, kwa msaada wa Uingereza, na baadaye Bunia nayo ikapata askari waliofunzwa hivyo. Askari hutembea kwa miguu katika kartiye ileile kila siku mpaka anajulikana kwa jina. Wanakaa pamoja na raia katika mkutano wa kartiye, wazee, mama, vijana, wamotari, na watu wanasema wapi taa hazipo, saa ngapi wezi wanapita, kilabu gani ya kaikpo ndiyo inazaa ugomvi. Komini nayo ina baraza lake, burgmestre na komanda wa polisi wakiwa mezani. Mahali mikutano hiyo ilipokuwa ya kweli, watu walianza kusema. Mahali ilipofanywa kwa ajili ya picha na soda ya wafadhili, ilikufa mfadhili alipoondoka.

Beni na Goma, polisi ya MONUSCO ilisaidia PNC na mpango ulioitwa SOLI: namba ya simu ya bure, chumba cha kupokea miito, doria za pamoja. Ni vizuri. Lakini anayepokea simu anahitaji mtu wa kumtuma, na anayetumwa anahitaji njia ya kufika. Uulize kwa shefu wa kartiye yako namba ya komanda wa siati, uiandike ukutani kabla ya usiku wa shida, na siku moja mchana uipige ili uone kama inapokelewa.

Ukitoa habari, toa ile inayofaa. Walikuwa wangapi? Saa ngapi? Walikuwa na bunduki ama panga? Walikwenda upande gani, kwa miguu ama kwa moto, na moto ya rangi gani? Mtu akisema tu "ni watu wa kabila fulani", hajasema kitu ambacho askari anaweza kukitafuta, na katika mji huu amewasha kiberiti.

Tunajua swali utakaloleta: "Na kama askari mwenyewe anawauzia wezi jina langu?" Imetokea, na ndiyo sababu kubwa ya watu kunyamaza. Usiende peke yako. Habari ipite kwa shefu wa avenyu, ama kwa nyumba kumi, ama kwa kundi la mama wa kartiye, ili iwe ya watu kumi na isiwe na uso wa mtu mmoja. Na komanda mwenye akili hataandika jina la aliyeleta habari mahali ambapo kila mtu anasoma.

JUU YA KUMCHOMA MWIZI

Tuseme bila kufichaficha. Mwizi akishikwa, tairi inatafutwa. Vijana wanakimbia, wapita njia wanatupa jiwe bila kuuliza ameiba nini. Watu wanajitetea: "Tukimpeleka polisi, kesho tutamuona sokoni." Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Mwizi aliyeachiliwa kwa feza jioni ni matusi kwa aliyeibiwa asubui.

Lakini angalia. Wanaochomwa si wote wezi. Mgeni aliyepotea njia usiku, mtu mwenye ugonjwa wa akili, kijana aliyesingiziwa kwa sababu ya msichana, wote wanaweza kufa hivyo, na jiwe halirudi mkononi. Pili, aliyekufa hasemi. Angeweza kutaja ni nani anayewakodishia bunduki na ni nani ananunua simu zilizoibwa. Wakubwa wa wizi hufurahi sana mdogo wao akichomwa. Tatu, na hili ni la kwetu hapa: katika Bunia maiti ina kabila. Jamaa yake watauliza ni kartiye gani ilimwua. Tulizika watu wengi kati ya 1999 na 2003 kwa maswali ya namna hiyo.

Majirani zetu wa Tanzania waliijaribu njia ya kujilinda wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi, walipochoka na wezi wa ng'ombe, walianzisha sungusungu. Wizi ulipungua sana, na wengi waliwasifu. Lakini palikuwa pia na watu waliopigwa na waliouawa bila hukumu, na serikali ikalazimika kuwatafutia nafasi katika sheria mwishoni mwa miaka ile. Filimbi na sufuria ni nzuri: zinaamsha, zinafukuza, haziui. Majirani wa Bukavu na Goma wamezitumia. Kijana aliyezunguka usiku na filimbi, kesho yake akabeba panga na kuanza kuomba kadi ya uchaguzi na feza kwa wapita njia, huyo amekuwa barière nyingine.

UKIFIKA SIATI

Sasa mambo ya kushika mkononi, kwa sababu wengi wanaogopa siati kwa kutokujua.

Kuweka plente hakununuliwi. Hakuna sheria inayomtaka mama aliyeibiwa alipe mafuta. Ukiombwa, omba risiti yenye muhuri. Mara nyingi ombi hilo linatosha kubadilisha mazungumzo. PV isomwe kwako, katika lugha unayoisikia, kabla hujatia sahihi ama kidole.

Mtu wa kwenu akishikwa, katiba katika kifungu cha 18 inasema aambiwe palepale sababu, katika lugha anayoijua, na aruhusiwe mara moja kuwaarifu jamaa yake ama wakili. Hapaswi kukaa kasho la polisi zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe ama apelekwe mbele ya sheria. Basi andika saa aliyoshikwa. Siku ya tatu, bila saa iliyoandikwa, kila mtu atasema yake.

Kifungu cha 17 kinasema hakuna anayeshikwa kwa kosa la mwingine. Kijana amekimbia, mama anawekwa kasho "mpaka ajitokeze": hilo ni kosa, hata likifanywa kila juma.

Na deni. Hapa wachimbaji wasikie vizuri. Mwenye feza amekukopesha chakula, mazuti na pampu, shimo halikutoa kitu, naye anatuma polisi wakushike. Katiba katika kifungu cha 61 inataja haki ambazo hazivunjwi hata wakati wa état de siège, na mojawapo ni hii: kutofungwa kwa sababu ya deni. Mambo ya deni yaende kwa tribunali, kwa njia ya kiraia. Lakini ujue ujanja uliopo. Katika PV hawataandika "deni". Wataandika "abus de confiance", yaani kwamba ulipewa mali ya mtu uitunze ukaila. Ndiyo maana mapatano ya kazi ya shimo yaandikwe kwenye karatasi, mbele ya mashahidi, yakisema wazi kwamba ni mkopo ama ni kazi ya kugawana. Karatasi hiyo moja imewatoa watu kasho.

Mwanamke ama mtoto akinajisiwa, mapatano ya mbuzi na feza kati ya jamaa mbili hayazimi kosa. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zimeikaza njia: afisa wa polisi aliyepokea habari amjulishe parquet katika saa 24. Mpeleke mgonjwa hospitali kwanza, bila kuoga wala kufua nguo, kwa sababu karatasi ya daktari ndiyo itakayosema mahakamani. Polisi ina kikosi chenye kazi ya kulinda watoto na wanawake. Uliza mahali kilipo, na uombe askari mwanamke kama yuko.

Na ikiwa mwenye kukukosea ni askari mwenyewe? Watu wanadhani hakuna mlango. Uko. Kwa kifungu cha 156 cha katiba, wanajeshi na polisi wanahukumiwa na mahakama ya kijeshi, na Bunia ina auditorat militaire. Plente inapelekwa hapo. Usiende na "polisi fulani alinipiga". Nenda na jina lake ama namba iliyo kwenye vazi, tarehe, saa, siati aliyotoka, na majina ya watu wawili walioona. Kopi moja ubaki nayo nyumbani, pamoja na karatasi za watoto.